Dola 1,200 na kaseti 41: tununue nini?

Maneno ya mwanachama wetu anayeshughulika na mambo ya video, mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa.

Kamati imenipa nusu saa nieleze kitu gani tununue na ile dola 1,200 tuliyopewa na wandugu wetu walioko ng'ambo, pamoja na michango yetu ya mwezi. Nitasema wazi, hata fasi ambapo mimi mwenyewe nilikosea.

Wengi munanijua tangu Lugufu. Nilikuwa na kamera ya kaseti ndogo, ile tunaitaka MiniDV, aliyonitumia baba yangu mdogo. Nilipiga ndoa, ubatizo, kwaya, mashindano ya mpira, matanga, hata siku watu wanapanda gari za kwenda Kigoma kushika meli ya kurudi nyumbani. Nilipovuka ziwa nilikuja na kaseti 41 ndani ya ndoo ya mafuta yenye kifuniko. Magodoro niliyaacha, kaseti nilizileta. Mke wangu bado ananikumbusha ile habari ya magodoro.

Sasa nianze na kosa. Kuko mama mmoja hapa kati yetu, yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie bila kutaja jina. Nilipiga ndoa yake kambini mwaka 2007. Nilimpa sidi, dividi moja, nikapokea pesa yangu, tukaachana vizuri. Kaseti ya asili nikaiweka. Lakini kaseti mpya kambini zilikuwa na bei kali, na miezi michache baadaye kulikuwa na fainali ya mpira. Nikachukua kaseti ya ndoa ile nikapiga mpira juu yake. Nilisema moyoni: si wamekwisha pewa dividi yao?

Walirudi, wakajenga, na bwana yake akaugua akafariki hapa hapa Baraka. Mama akanifuata na dividi mkononi. Alikuwa ameitundika kwenye msumari karibu na dirisha, chini ya mabati, sawa wengi wetu tunavyofanya juu inang'aa vizuri. Hakuna mashini iliyoisoma. Ilikuwa dividi ya bei ya chini kabisa, ile isiyo na jina, nimeigrave haraka haraka kwa mwendo wa juu ili mafuta ya jenereta yasikwishe. Joto na jua vimemaliza kazi. Aliniuliza: "Basi tuwekee kaseti yenyewe, mtoto anataka kusikia sauti ya baba yake." Ilibidi nimwambie kwamba kwenye kaseti kuko mpira.

Hakugomba. Alisema tu, "Basi." Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo ninaposimama hapa kuongea juu ya mashini, musifikiri nafuata mambo ya kuvimba mjini na kamera kubwa begani. Nimekuja kuomba tununue vitu vinavyoweza kutunza.

Kuko wandugu kwenye kamati wanaotaka kamera mpya, kubwa, ya kadi au ya disiki duru ndani yake, yenye picha kali. Wanasema itatuingizia pesa ya ndoa. Nawaelewa. Lakini kamera ile peke yake itakula zaidi ya nusu ya pesa, na picha zake zimebanwa kwa namna ambayo kompyuta ya zamani inashindwa kuzikata vizuri. Kompyuta ya namna hiyo inaanza kugugumia, picha inaruka, unangoja. Tena kamera ya kadi haina kaseti ya kuweka kabatini. Kadi ikijaa, unafuta. Tunarudi kwenye kosa langu lile lile, safari hii kwa picha nzuri zaidi.

Wengine wamependekeza mashini ya mezani inayorekodi dividi moja kwa moja: unachomeka zile waya tatu, ya manjano, nyeupe na nyekundu, unabonyeza, dividi inatoka. Hii si mbaya. Haihitaji kusoma, haili kuranti nyingi. Kama tungetaka tu kuhamisha kaseti kubwa za VHS za wazee, ningeikubali kesho. Ubaya wake ni huu: huwezi kukata. Mtu aliyeanguka mbele ya kamera, dakika kumi za miguu ya mpiga picha aliyesahau kuzima, vyote vinaingia. Na tena mwisho wa kazi lazima uiamuru ifunge dividi. Ukisahau, itacheza kwenye mashini yako peke yake, kwa jirani inaandika "hakuna disiki". Watu wengi wametupa dividi nzima zikidhaniwa mbovu, kumbe hazikufungwa.

Mimi nasema tununue kompyuta ya kubeba iliyotumika, yenye mlango wa FireWire au nafasi ya kupokea kadi yake. Naomba munisikilize vizuri kwenye neno hilo FireWire, juu njo lililonimaliza.

Kamera ya MiniDV inaandika kwenye kaseti namba, si mawimbi kama VHS ya zamani. Ukizitoa kwa waya inayofaa, unapata nakala ileile, haipungui hata kidogo. Waya inayofaa njo ya FireWire; kwenye kamera za Sony utaona imeandikwa i.LINK, ni kitu kilekile. Kamera hiyohiyo iko pia na tundu la USB, na mtu akiliona anafurahi. Kwenye kamera nyingi za kaseti, USB hiyo ni ya kutoa foto za kawaida tu, au video dhaifu ya kuongea na mtu kwenye intaneti. Mimi sikujua. Nilikwenda Bujumbura na dola 420, nikanunua kompyuta nzuri inayong'aa, kwenye duka moja nisilolitaja. Muuzaji akaniapia: "Kaka, hii iko na kila kitu." Nikafika nyumbani, FireWire hakuna. Nafasi ya kadi hakuna. Nikarudi, akaniuzia kijiwaya cha dola 8, upande mmoja USB, upande mwingine FireWire. Wandugu, kijiwaya kile hakifanyi kazi na kaseti. Hizo ni lugha mbili tofauti, kubadilisha umbo la mdomo wa waya hakutafsiri kitu. Kompyuta niliiuza kwa katibu wa shule moja kwa dola 260. Hesabu hasara wenyewe.

Kwa hiyo tukienda kununua, tusiende na pesa tu. Twende na kamera, kaseti moja yenye picha, na waya. Tuketi pale dukani, tuingize dakika tano, tuzicheze. Muuzaji akikataa, hatununui. Nguvu ya kompyuta isiwashughulishe sana: kwa picha za MiniDV, mashini ya Core 2 Duo yenye kumbukumbu ya giga 2 inatosha. Programu pia zisitumalize pesa. Movie Maker ilikuja na Windows XP na inapokea kaseti vizuri. DVDStyler inatengeneza menyu ya dividi, na ImgBurn inagrave, zote bure. Zile programu kubwa za kuibwa zinazouzwa sokoni kwa franka chache, mara nyingi zinakuja na virusi, na virusi hatuvitaki karibu na kaseti 41.

Mzee mmoja aliniuliza pale nje: kwa nini si kompyuta ya mezani, iko na bei ya chini na inarekebishika? Mzee ana haki. Kadi ya FireWire ya kompyuta ya mezani ni rahisi, unafungua sanduku unaichomeka. Ningekuwa Uvira ama Bukavu, fasi kuko waya ya SNEL, ningesema hivyo hivyo. Lakini hapa petu tunaishi na jenereta na bateri. Kompyuta ya mezani na kioo chake inaweza kula wati 200, na jenereta ikikohoa, inazimika papo hapo na kazi ya saa mbili imekwenda. Ya kubeba inakula kama 60, na bateri yake ndogo inakupa muda wa kufunga kazi.

Nimepiga hesabu ya kuranti. Bateri ya gari kubwa ya Ah 100 kwa volti 12 iko na wati-saa 1,200. Ukitaka iishi, usiitumie zaidi ya nusu: 600. Konvertiseri inakula kidogo, tuseme inabaki 500. Kompyuta, kamera na disiki duru pamoja ni kama wati 80. Tunapata saa sita za kazi, kisha tunaipeleka kuchaji. Kaseti inaingia kwa mwendo wake yenyewe, saa moja ya kaseti ni saa moja ya kungoja, hakuna njia ya mkato. Kaseti 41 kwa tatu kila siku ni siku 14. Mwezi mmoja tumemaliza, hata kama mvua na matanga vitatukatiza.

Nafasi: saa moja ya MiniDV inajaza kama giga 13. Kaseti 41 ni giga 533. Njo maana naomba disiki duru ya nje ya giga 1,000, na naomba mbili. Mama Mweka hazina amenitazama vibaya kwenye hiyo ya pili, nimeona. Mama, ya pili haikai nyumba moja na ya kwanza. Moja inakaa kwangu, ya pili inakaa ofisini ama parokia. Nyumba ikiungua ama ikiingiwa, hatulii mara mbili.

Bei nilizouliza mwezi uliopita, Bujumbura na Uvira, njo hizi: kompyuta iliyotumika 250, disiki duru mbili 220, kamera ya MiniDV iliyotumika 130 juu yangu kichwa chake kimechoka, kadi na waya ya FireWire 35, mashini ya nje ya kugrave dividi 45, dividi 100 za jina zuri 35, bateri na konvertiseri na sharjeri 190, mikro ya waya na kisikizio 35. Jumla ni 940. Inabaki 260. Naomba ile 260 isinunue kitu. Ikae, juu kitu cha kwanza kitakachoharibika kitaharibika ndani ya miezi mitatu.

Mikro musiidharau. Picha mbaya watu wanaivumilia, sauti mbaya hapana. Ile mikro ya juu ya kamera inasikia upepo wa ziwa na mtoto anayelia karibu, mzee anayeongea mbele haimsikii.

Juu ya dividi zenyewe, nitasema machache. Dividi ya kawaida ni giga 4.7, msishangae kompyuta ikiandika 4.38, inahesabu kwa namna yake. Saa moja ya picha inakaa vizuri sana, saa mbili inakaa vizuri. Ndoa ya saa nne watu wanataka yote kwenye dividi moja: inaingia, lakini bibi arusi anakuwa vipande vipande sawa tofali. Afadhali mbili. Tuzigrave polepole, mwendo wa 4 ama 8, kisha kompyuta ihakikishe ilichoandika. Halafu tuzijaribu kwenye mashini mbovu kuliko zote za mtaa. Ikicheza pale, itacheza popote. Tuandike jina kwa kalamu laini ya wino, si biki, na tusibandike karatasi ya gundi. Ziwekwe ndani ya bahasha, fasi ya baridi na giza. Msumari dirishani, hapana.

Na dividi ni ya kutazama. Kutunza tunatunza kwenye kaseti na disiki duru. Kuanzia leo kaseti ya shirika haipigwi mara mbili. Naomba iandikwe kwenye sheria yetu ya ndani.

Sasa niongee na wandugu walioko Marekani, Kanada, Australia, Ulaya, juu gazeti hili linawafikia. Mumetusaidia sana, lakini kuko jambo la waya. Mmoja alitutumia deki ya video nzuri sana. Ikafika, kijana akaichomeka kwenye prizi, moshi. Ilikuwa ya volti 120 ya Marekani, na siye tuko na 220. Mukitaka kutuma kitu, tazameni nyuma ya sharjeri: ikiandikwa 100–240V, itumeni bila wasiwasi. Ikiandikwa 120V peke yake, afadhali muiuze kule mututumie pesa. Jambo la pili: kaseti zetu ni za PAL. Kamera ya Marekani ama Kanada ni ya NTSC, na kwa kawaida haisomi kaseti za PAL, hata kama kaseti inaingia vizuri. Kamera tunayohitaji ni ya Ulaya ama Australia. Kule kamera za MiniDV zinalala kwenye makabati, watu wamehamia za kadi. Itumwe na sharjeri yake na bateri, na mlango wa kaseti ufunguke na kufunga. Mukiipata, ile dola 130 itabaki.

Kinyume chake pia: dividi tutakazowatumia zinaweza kukataa kwenye mashini za televisheni za Marekani kwa sababu hiyohiyo ya PAL. Musizitupe. Ziwekeni kwenye kompyuta, zitacheza. Habari ya namba za maeneo mnayoisikia, Ulaya namba 2, huku kwetu namba 5, hiyo ni ya filamu za dukani. Dividi za kugrave nyumbani hazina namba.

Vijana wameniuliza juu ya pesa. Ndiyo, itaingia kidogo. Ndoa, ubatizo, kwaya zinazotaka sidi zao. Vijana wawili wajifunze, mmoja msichana, siyo watoto wangu. Lakini kuko mambo mawili siyapendi. Matanga hatuuzi sokoni. Familia ikiomba, tunapiga, wanapewa nakala, basi. Na habari ya mashamba: mzee mmoja amesema tuwapige picha wazee wakionyesha mipaka, juu wengi wetu tulirudi tukakuta fasi zetu zinalimwa na wengine. Wazo ni zuri, tuwapige wangali na nguvu, na majirani wote wawili wakiwa pale. Lakini mutu asije akafikiri dividi inachukua fasi ya karatasi. Karatasi iliyosainiwa mbele ya chef kwanza, video nyuma yake. Tukipiga upande mmoja peke yake tutaongeza ugomvi kwa mashini ya shirika.

Namalizia na ile kaseti, juu sikuwasimulia yote.

Mwaka jana nilikuwa nazipanga kaseti kwa namba. Namba 17 imeandikwa "fainali". Nikaiweka kwenye kamera nitazame kama bado iko hai. Mpira ulikwisha kwenye dakika ya 49, na niliposahau kuzima, kioo kikawa cheusi kidogo, kisha nikaona ndoa. Mpira haukufika mwisho wa kaseti. Dakika 11 za nyuma zilibaki chini, hazikuguswa. Watu wanaondoka, vijana wanakusanya viti. Bwana arusi haonekani uso, yuko upande, lakini anasikika mara moja. Anauliza nani amebeba ndoo ya maji, halafu anacheka.

Nilimwita mama. Alitazama kwenye kile kioo kidogo cha kamera, mtoto amemkalia magotini, na kamera ilikuwa inatetemesha picha juu kichwa chake kimechoka. Kila nikiicheza naogopa itaikula. Tangu siku ile sijaicheza tena. Iko ndani ya ndoo, nimeifunga kwenye karatasi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ombi langu ni dola 940 na ile 260 iwekwe. Mukikubali, kaseti ya kwanza kuingia ni namba 17. Sasa munaweza kuuliza, na kama kuko mtu nyumbani kwake amebaki na kaseti za kambini, hata zimevunjika kifuniko, asizitupe. Azilete kwa mwandishi wetu kabla ya mvua.